Nyumba ya Maneno Manne

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenda kukagua nyumba niliyoijenga kwa maneno manne. Mimi sijapata kujenga hata banda la kuku, kwa hiyo nilishuku tangu mwanzo.

Kabla sijaendelea, mnijue. Naitwa Mbaruku Shekue, wa Tanga. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mkalimani wa mahakama. Mashahidi wa Kiarabu waliingia masikioni mwangu wakatoka kinywani Waswahili. Kazi ile ilinifunza jambo moja: mtu akiongea sana, ana anachokificha. Nimestaafu, lakini tabia haistaafu. Hata chai ya nyumbani kwangu huinusa kwanza.

Siku hizi naandika yale maandishi yanayopita chini ya filamu. Wiki hii nina filamu ya Palestina, ya watu halisi, hakuna mwigizaji hata mmoja. Ndani yake kuna bibi ambaye kwao wanamwita Umm Wajdi; kwetu angekuwa Mama Wajdi. Nyumba yake imebomolewa na jeshi. Anatembea juu ya kifusi na kufungua milango ambayo haipo tena, mmoja baada ya mwingine, akieleza kila mahali palivyokuwa. Dakika tatu nzima. Sasa, mwanzoni mwa filamu alisema nyumba yake ilikuwa na milango mitano. Pale kifusini akafungua saba. Nilihesabu mara mbili. Wa sita aliinama. Wa saba alipapasa tu hewa, juu na chini, akasema, "Na huu," basi.

Mahakamani shahidi wa namna hiyo tulimjua. Nikafuta maneno yake ya dakika zote tatu, nikaandika mahali pake: *Anaeleza nyumba yake ilivyokuwa.* Faili lilitakiwa liende kwa wenye filamu leo saa nne asubuhi. Nikalala usingizi wa pono.

Ndotoni nipo mezani kwangu, mchana kweupe. Chini ya meza inatoka maikrofoni ya filamu ile, iliyovikwa manyoya ya kuzuia upepo. Inajinyoosha kama paka mzee.

"Bwana Shekue, unaitwa."

"Na nani?"

"Na uliyemfupisha."

"Kitambulisho chako kiko wapi?"

Inanitazama, ingawa haina macho. "Mimi nimesimama mbele ya mdomo wa bibi yule siku kumi na moja. Nimesikia mpaka meno yake ya bandia. Wewe umesikia maneno manne, na bado wewe ndiye unayeomba kitambulisho."

Sikupenda lugha yake. Hata hivyo nilifungua mlango wa choo, kwa kuwa ndiko ilikonielekeza, na choo hakikuwepo. Kulikuwa na kilima cha mawe meupe na jua la saa saba.

Juu ya kilima imesimama sentensi yangu. Herufi zake ni za zege, kimo cha mtu na nusu, nyeupe kama zilivyo kwenye filamu. Mwishoni kuna kile kituo cha nukta nilichokiweka mwenyewe, kimekaa kama pipa. Na ndani ya sentensi wanaishi watu.

Kwenye "Anaeleza" wamebanana wajukuu wanne. Kwenye "nyumba" yumo Wajdi, mkewe na jiko. Mume wa Mama Wajdi amelazwa kwenye "yake", neno fupi kuliko yote, na miguu imetokeza mpaka kwenye neno la jirani. "Ilivyokuwa" amepewa wifi mtu, pamoja na cherehani na mbuzi wawili. Nguo zimeanikwa kwa kamba kutoka *l* moja hadi *l* nyingine. Mama Wajdi mwenyewe amekosa nafasi. Ameketi juu ya kituo.

"Karibu, mwanangu," anasema, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, na hilo nalo nikaliweka akilini. "Karibu kwako. Si umeijenga wewe?"

"Mko wangapi humu, mama?"

"Tisa. Tulikuwa na vyumba, ukumbi na ua. Sasa tuna maneno manne. Ukiweza tuongezee hata herufi moja. Mzee hajanyoosha miguu tangu jana."

"Sheria hairuhusu. Mistari miwili tu, kila mstari herufi thelathini na saba, na isikae kwenye picha zaidi ya sekunde sita."

"Sheria ya nani?"

"Ya kazi."

"Aa." Akatikisa kichwa taratibu. "Hata wale waliokuja kubomoa waliniambia ni sheria ya kazi."

Akanimiminia chai ya majani yenye harufu kali. Nikainusa.

"Kunywa bwana," akasema. "Tungetaka kulipiza kisasi, tungekupa matone manne."

Nikanywa kidogo, kwa ncha ya ulimi, kisha nikaamua kumbana. Niliposema tu, "Shahidi, simama," kilima kikageuka mahakama yetu ya zamani, na feni yake ileile yenye panga lililopinda. Mwendesha mashtaka ni mimi. Mkalimani ni mimi. Na kizimbani, nilipotazama vizuri, nimesimama mimi vilevile. Nikawatilia shaka wote watatu.

"Mama Wajdi, mwanzo ulisema milango mitano. Kifusini ukafungua saba. Ukweli ni upi?"

Feni ikasimama. Nilingoja akasirike, maana mwongo akibanwa hukasirika, lakini hakukasirika.

"Ulihesabu?" akauliza.

"Nilihesabu. Mara mbili."

"Wamekuja watu wengi kwangu na kamera zao, mwanangu. Wamehesabu wafu, wamehesabu risasi, wamehesabu siku. Milango yangu hakuhesabu mtu. Wewe umehesabu." Akanikazia macho. "Sasa mbona hukuuliza?"

Yule mimi wa kizimbani alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Basi twende," akasema. "Tukahesabu pamoja, maana huniamini."

Mahakama ikaishia hapo, tukawa mbele ya nyumba yake. Anaishika hewa vilevile anavyoishika kwenye filamu, ila safari hii hewa ina kitasa.

Mlango wa kwanza hukwama wakati wa mvua. Lazima uusukume kwa nyonga. Nikausukuma kwa nyonga. Wa pili ni wa jikoni, nao ulinung'unika kwamba una wiki tatu haujapakwa mafuta ya zeituni kwenye bawaba. Nikauomba radhi, sijui kwa nini. Wa tatu ni wa chumba cha wageni, hufungwa kwa jiwe. Wa nne ni wa chumba cha Wajdi, na kwenye fremu yake kuna mistari ya penseli ya vimo tangu alipokuwa mtoto. Mstari wa juu kabisa si wake, ni wa mbuzi; walimsimamisha kwa miguu miwili wakampima. Wa tano unatoka kwenye ngazi za kupandia darini, kwenye tangi la maji. Huo haufungwi, kwa sababu maji huja mara moja kwa wiki na yakija mtu hukimbia.

"Hiyo mitano," nikasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

Mama Wajdi akaniashiria nimfuate. Akaenda uani, akainama. Kulikuwa na tanuri la mkate, na mdomoni mwake kipande cha bati chenye mpini.

"Wa sita. Wageni hawauhesabu. Mkate unauhesabu."

Kisha akanipeleka mwisho wa ukuta. Hapo palikuwa na mlango wa mbao, wa buluu. Nikaushuku papo hapo, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa mwisho na baada yake hakuna chumba. Nikausukuma kwa kidole gumba. Rangi ilikuwa mbichi. Alama ya kidole ikabaki palepale, na mpasuko wake katikati, maana nilichanwa na mbuzi ya nazi nikiwa mdogo.

"Usinisukume," mlango ukasema, kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi siendi popote."

"Wewe ni wa chumba gani?"

"Wa nyumba nyingine, kijiji cha bondeni huko. Mwaka wa arobaini na nane watu walipokimbia vita, kila mtu alibeba alichoweza. Baba yake huyu alining'oa mimi, akanibeba mgongoni siku tatu. Wenzake wakamcheka. Wakamwambia, mlango unao, nyumba iko wapi? Akasema, nyumba itanifuata."

"Ikamfuata?"

"Ilikuja hii. Lakini ilikuwa na milango yake tayari. Nikatundikwa hapa ukutani. Kila Idi wananipaka rangi."

Nikamgeukia Mama Wajdi. Alikuwa anaupapasa mlango kwa kiganja, juu na chini, kama alivyopapasa hewa kwenye filamu.

"Kwa nini basi ulisema mitano?"

"Mgeni akiniuliza, namtajia inayopitika," akasema. "Nikitembea mwenyewe, natembea kwa saba."

Niliona haya, na hayakuwa ya ndotoni. Miaka ishirini na miwili nimekaa nikiwasikiliza watu ili nipate pale watakapoteleza. Wangapi niliwahesabia milango na sikuwauliza?

Hapo ndipo katapila lilipobisha hodi.

Lilikuwa na adabu mno, na mimi wenye adabu mno ndio huwaogopa. Lilifuta minyororo yake kwenye jamvi kabla ya kuingia. Kwenye sepetu lake kubwa la mbele lilikuwa limelaza karatasi moja.

"Ndugu Shekue! Tumekutafuta tukushukuru."

"Sikufahamu."

"Sisi tunakufahamu. Vyumba tulivimaliza wenyewe. Yakabaki maelezo ya bibi, dakika tatu, na hayo yametusumbua sana. Huwezi kuyapanda na minyororo. Wewe umeyamaliza kwa sentensi moja." Likaisogeza karatasi. Ilikuwa na sentensi yangu, na chini yake sheria zangu zote: mistari miwili, herufi thelathini na saba, sekunde sita. "Tia kidole hapa. Ikifika saa nne, kazi imekwisha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote huku nikitazama nguo zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kuwa mimi ndiye niliye nguoni mwa mtu.

Nikakificha kidole mgongoni, kikiwa bado kimelowa buluu. "Sitii," nikasema.

"Si lazima utie," likasema katapila kwa upole. "Faili likienda lilivyo, inatosha."

Nikageuka nyuma. Wajukuu wamechungulia kwenye matundu ya herufi. Mzee ameinua kichwa kutoka kwenye "yake". Wajdi ameshika bakora. Wote wananitazama, na sikuona hata uso mmoja ulioniamini.

"Mama, mimi siko pamoja nao," nikasema.

"Huenda," akasema Mama Wajdi, akaketi tena juu ya kituo. "Saa nne tutajua."

Katapila likawasha injini.

Nilizinduka. Injini ile ilikuwa blenda ya Mama Saumu, mke wangu, anasaga nyanya jikoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo. Nikashukuru, nikajiambia ni chakula cha jana.

Mama Saumu akaniletea chai. Alipokuwa ananikabidhi kikombe, akasita.

"Baba Saumu, hicho kidole kimefanyaje?"

Nikatazama. Kidole gumba kilikuwa na buluu, mpaka ndani ya ukucha.

"Nyumba hii milango yote ya kahawia," akasema. "Umekwenda kumpakia nani mlango?"

Sauti ile naijua. Ni yangu, ya mahakamani. Amekaa nayo miaka thelathini na mmoja mpaka ameijua kuliko mimi.

"Ni wa Mama Wajdi," nikasema.

"Ndiye nani huyo?"

Nilijua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikajaribu mafuta ya taa, nikajaribu sabuni ya kipande, rangi haikutoka. Mama Saumu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, ananingoja. Mwisho nikavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Kaa, nikuonyeshe."

Akakaa kama hakimu. Alimtazama yule bibi tangu mwanzo. Kifusini akaanza kukunja vidole kimoja kimoja.

"Saba!" akasema. "Si alisema mitano huyu? Mwongo."

"Usiseme hivyo," nikamwambia. "Uliza."

Nikayafuta maneno manne, nikaanza upya. *Mlango huu hukwama wakati wa mvua. Usukume kwa nyonga.* Kompyuta ikanipigia kengele, mistari ikageuka myekundu: herufi zimezidi, sekunde zimezidi. Nikaiacha ipige. Niliandika bawaba, niliandika jiwe, niliandika mpaka mstari wa mbuzi kwenye fremu, kwa sababu vyote alikuwa amevisema na mimi nilivisikia nikavifuta. Mama Saumu alikwenda kuzima jiko, akarudi kukaa palepale.

Saa nne kasoro robo nilifika mlango wa saba. Nikaisimamisha picha nipime sekunde. Kiganja cha Mama Wajdi kipo hewani. Na chini, nyuma ya ndala yake, katikati ya mawe, kuna kipande cha ubao wa buluu. Filamu hii nimeitazama mara tisa na sikuwa nimekiona. Juu ya ubao kuna alama ya kidole gumba, ina mpasuko katikati.

Mama Saumu ndiye aliyekishika kidole changu. Akakisogeza kwenye kioo, kando ya ubao, akakiacha hapo kitambo. Kisha akakirudisha juu ya kibodi.

"Hapo anasemaje?" akauliza.

Nikaandika: *Na huu.*