Tarishi Kwenye Kiti cha Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota, na wewe ulikuwemo. Ulikaa dirishani ndani ya basi, umegeuza uso unatazama Milima ya Upare, kama ufanyavyo kila ukiona gunia linatikisika stendi. Usikatae. Nilikuona.

Mimi nilikuwa nimefungwa kamba shingoni. Aliyeishika ni Tarishi, mbwa wangu aliyekufa Julai 1994. Alivaa koti, na tiketi yake ilikuwa ya kiti cha kumi na nne.

"Mzee, huyo wako anauma?" konda akamuuliza. Konda alikuwa tenga la kubebea kuku, limevaa kofia.

"Haumi," Tarishi akajibu. "Anaandikia wakubwa barua tu. Hawamjibu, kwa hiyo hana madhara."

"Kachanjwa?"

Tarishi akatoa kadi. Kadi ikakohoa, ikajisoma: "Alichanjwa kichaa cha mbwa wiki tano zilizopita, mkono wa kushoto. Alilia." Ni kweli, nililia.

"Kala?"

"Uji kidogo, alfajiri. Akishiba atatapika kwenye kona."

"Na ndani yangu kashalala?" tenga likauliza. "Mimi nina matundu, nina nafasi ya kujigeuza. Ila lazima anizoee nyumbani kwanza, wiki nzima, na kitambaa chenye harufu yake."

Tarishi akalaza masikio. "Nimechelewa kukujua, ndugu yangu. Nina gunia tu."

Gunia likafurahi. "Karibu baba, pita ndani. Humu hakuna usumbufu wowote. Hata hewa hakuna."

Mara stendi inageuka buti la basi. Niko gizani ndani ya gunia, kati ya ndoo za rangi na tairi la akiba. Bati la moto. Basi linaondoka. Nabweka. Sikujua kama najua kubweka.

Nakwaruza. Juu yangu mtu anatafuna korosho, na utafunaji huo naujua. Julai 1994, kiti cha kumi na nne, mtafunaji nilikuwa mimi. Tarishi alikuwa huku chini ndani ya gunia, kwa sababu tuliambiwa mnyama asipoiona njia hatarudi alikotoka. Alikwaruza kutoka Same mpaka Mombo. Baada ya Mombo akanyamaza. Nikasema, afadhali, amelala.

Pumzi inanikatika. Huko juu korosho zinatulia.

"Unasikia?" Tarishi anakuuliza wewe.

"Mizigo hiyo, mzee. Inagongana tu."

Anasimama. "Dereva, simamisha!"

Maneno mawili. Mwaka ule mimi sikusema hata moja.

Basi linasimama. Tenga linafoka: "Mzee una makuu! Tunachelewa!" Buti linafunguka, na joto lote la Mombo linaonekana baridi. Tarishi anakata kamba ya gunia kwa meno, ananivuta nje, anamimina maji kwenye kofia ya konda.

"Tarishi, nisamehe."

"Kunywa taratibu."

"Huna hasira?"

"Ninayo. Kunywa kwanza."

Kisha ananiramba kiganja, polepole, kama mtu anayesoma.

Nimeamka. Kiganja kimelowa. Unyoya mfupi wa kahawia umeganda kwenye kidole gumba, na mimi sijafuga mbwa tangu mwaka ule.

Sasa wewe. Mtaani kwako kuna paka au mbwa anayesafirishwa wiki hii. Unamjua, na nyumba unaijua. Weka chini unachosoma. Nenda ukagonge, uulize: kachanjwa? Tenga lina matundu? Maji ya njiani yako wapi? Atakaa wapi, na ni nani atakayemsikia? Na kama wameshamfunga ndani ya gunia, usiulize kitu. Mfungue. Sasa hivi, si ukimaliza chai.