Mnyororo Uliosalimiwa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Tabora iliamka na baridi kavu, upepo ukipeperusha vumbi, na angani hapakuwa na wingu hata la dawa.

Xavery alikuwa amekwisha kusali rozari nzima alipowakuta wageni wake watatu mtaa wa Mtendeni. Mzee Bhavesh, mwenye duka la zana za kilimo, alikuwa na binti yake Aarti aliyekuja likizo kutoka Dar. Wa tatu alikuwa Mama Dafrosa, mjane aliyefika jana yake kutoka Usoke, amekumbatia mkoba kama aliyebeba mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiwe mtembezaji?"

"Ndiye huyo," Bhavesh akadakia. "Historia anaisomea jioni pale parokiani, mvi zimemjaa kichwani. Akikosea msimchape!"

Wakacheka, na Xavery akacheka nao. Aliwatembeza kwenye boma la Wajerumani na stesheni, akawaeleza jinsi misafara ilivyopita hapa kwenda Ujiji, na jinsi Wanyamwezi walivyobeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Hayo yote alikuwa ameyasoma, na aliyasema kwa raha. Kisha wakapanda bajaji hadi kwenye tembe kuukuu njia ya Kwihara, nyumba ya udongo ya paa bapa, ambalo mwenyewe alimkabidhi Xavery ufunguo wake.

Xavery akaufungua mlango. Tembe lilikuwa tupu. Wageni wake wa mwanzo walichungulia vyumba vya udongo wakamwuliza, "Ndiyo hii tu?" Neno hilo lilimkaa rohoni. Akachukua mnyororo wa plau wa marehemu baba yake, akauloweka kwenye maji ya chumvi siku tisa hadi ukashika kutu, akaupigilia ukutani chumba cha nyuma. Mwanzoni alisema, "Huenda watumwa walifungwa kwa mnyororo kama huu." Baadaye ile "huenda" ikadondoka njiani, na hakurudi kuiokota. Kwa padre aliungama hasira, aliungama uvivu. Mnyororo hakuutaja hata siku moja.

"Waliouzwa walilala humu," alisema sasa, "na mnyororo wao ni huu hapa."

Aarti akainua simu apige picha. "Duh, anko, hii noma!"

Mama Dafrosa alivua viatu. Akasogea, akapiga magoti taratibu, akaigusa pingili ya mwisho kwa vidole viwili.

"Mwangaluka, Mahona," akasema, kama mtu anayemwamkia mzazi wake asubuhi.

Kisha akawageukia. Mahona alikuwa baba wa babu yake. Alitoka Usoke na mzigo wa pembe, hakurudi, na ukoo ulisikia tu kwamba aliuzwa. Kaburi hana. "Baba yangu alikata roho akiniambia, mtafuteni, hata ukucha."

Hapo hapo akatoa simu mkobani. "Apolinaria? Dada, nimempata! Waambie wachimbe kaburi. Ndiyo, kesho baada ya ibada katekista atubarikie." Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Baba, nikatie pingili moja tu. Tuizike, naye apumzike."

Bhavesh alikuwa ameusogelea mnyororo. Aliupapasa, akamwinamia Xavery sikioni.

"Babu yangu aliwauzia wakulima wa tumbaku minyororo hii hii. Mimi sisemi. Mdomo ni wako."

Masikio ya Xavery yaliwaka moto. Shetani alimnong'oneza kwa upole: mkatie, bibi wa watu ataondoka na faraja, nani atadhurika? Akaiona pingili ya plau ikishushwa shimoni, ukoo mzima unalia, katekista ananyunyiza maji ya baraka. Alijaribu kusali. Sala haikuja.

"Mama, inuka. Usiupigie magoti."

"Kwa nini, baba?"

"Ni mnyororo wa plau. Wa ng'ombe wa baba yangu. Kutu hiyo niliitia mimi kwa chumvi, ili wageni wapate cha kutazama."

Aarti akashusha simu. Mama Dafrosa hakupaza sauti. Alijifuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo salamu ya Mahona nimewapa ng'ombe."

Xavery hakuweza kumtazama. Alikitazama kisigino cha mama kilichopasuka, akatamani ardhi immeze.

"Hata kama alipita humu hujui?"

"Sijui, mama. Hata kama alifika Tabora, sijui."

"Na wale wanaochimba? Apolinaria amekwisha kutangaza kijiji kizima. Mimi nitasimama mbele yao na uso gani? Watasema Dafrosa amezeeka, amewazulia."

"Nitakwenda mimi," alisema kwa sauti ya chini.

"Unaninong'onea? Uongo uliusema kwa sauti. Na hili liseme hivyohivyo, hawa wasikie."

Xavery akavua kofia. Sauti yake ikajaa chumba.

"Mzee Bhavesh, Aarti, nyinyi ni mashahidi wangu mbele za Mungu. Leo hii naondoka na mama kwenda Usoke. Kesho nitasimama kwenye shimo hilo, mbele ya ukoo wote wa Mahona, niseme kwa mdomo wangu kwamba mimi Xavery ndiye niliyedanganya, na mama huyu hakumdanganya mtu."