Mtoto Amekataa Kupanda

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatano, mama wa mtoto alikuwa amekwisha kuketi chumbani. Kiti alikuwa amekiegemeza mlangoni, hata ikanibidi ningoje ainuke ndipo niingie. Hakufanya haraka.

"Habari za asubuhi, mama."

"Andika kwanza kwamba nipo. Habari baadaye."

Niliandika: saa 2:45, mama yumo chumbani.

Chumba kiko ghorofa ya pili ya shirika la huduma za familia. Kina viti vitatu, mkeka wa plastiki, boksi la vitu vya kuchezea na dirisha linalotazama uani. Nilipostaafu kazi ya maabara nilikuja hapa kujitolea kila Jumatano, kusimamia watoto wanapoonana na wazazi wasioishi nao. Kila dakika kumi naandika jicho lilichoona na sikio lilichosikia, basi. Ukiandika "mtoto ana huzuni", afisa anakata kwa wino mwekundu. Ukiandika "mtoto ametazama sakafu dakika nne", anaacha. Utaratibu huo ulinifaa.

Mtoto huyu ni wa kike, ana miaka saba. Baba yake alifariki, kisha mama akalazwa hospitali miezi mitano, na shangazi, dada wa baba, akamchukua. Mama alipopona akamtaka mwanawe. Shangazi akasema mtoto mwenyewe hamtaki. Kikao cha Ijumaa kingeamua akae na nani. Kanuni ilikuwa wazi: miadi ni saa tatu kamili, na mtoto asipoingia chumbani ndani ya nusu saa, inaandikwa "haikufanyika". Zikifika tatu za namna hiyo, shirika linapendekeza mtoto abaki aliko. Mbili zilikuwa zimekwenda hivyo. Mara zote shangazi alipanda peke yake, akasimama mlangoni, akasema, "Mtoto amekataa kupanda," akateremka.

Mama alitoa barua mkobani. "Bwana Kalamu," alisema, ndilo jina alilokuwa amenipa, "hebu soma hii. Kwa sauti."

Ilikuwa barua ya shirika. "Mtoto amekataa kumwona mama yake mara mbili." Chini yake jina langu na sahihi yangu.

"Ulimsikia akikataa?"

"Sikuandika hivi. Niliandika: shangazi anasema mtoto amekataa."

"Sasa hilo 'shangazi anasema' limekwenda wapi? Limeliwa na panya?"

Nilijua lilikokwenda. Afisa hufupisha. Kurasa zangu nne huwa mistari sita, nami huitia sahihi mistari hiyo bila kuisoma, kwa kuwa kurasa nne nimeziandika mwenyewe. Maabarani nisingetia sahihi jibu la damu ya mtu bila kulisoma.

"Nilitia sahihi bila kusoma," nilisema.

"Msomi mzima." Alicheka puani. "Na wanakulipa kiasi gani kunimaliza?"

"Silipwi."

"Ala! Kumbe unanimaliza bure. Mungu akuzidishie."

Saa tatu na dakika ishirini nilitazama dirishani. Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi uani, mtoto kando yake, miguu haijafika chini.

"Wapo," nilisema.

"Najua wapo. Nikishuka, wifi atapiga mayowe kwamba nimemvamia mtoto, faili lifungwe leo leo. Anangoja hilo tu."

"Mimi pia siruhusiwi kutoka chumbani."

"Basi kaa. Andika: nimekaa."

Saa tatu na dakika ishirini na tatu nilitoka. Shangazi aliniona kabla sijamaliza ngazi.

"Babu, umepotea njia? Ningekuja mwenyewe kukwambia. Mtoto amekataa."

"Sijamsikia."

"Unaniita mwongo?"

"Nasema sijamsikia."

"Haya, fungua masikio!" Alimgeukia mtoto. "Mwanangu, mwambie babu huyu hutaki kupanda."

Mtoto alinitazama, kisha akatazama ngazi. "Juu kuna nani?"

"Nyamaza," alisema shangazi.

Kumwuliza mtoto maswali kumekatazwa. Kujibu swali lake hakukukatazwa popote. "Mama yako," nilisema.

"Mama yuko hospitali. Shangazi kasema tunakuja hapa kungoja barua."

Shangazi aliinuka akasimama kati yetu. "Mzee mzima huna haya! Nani alimwogesha, nani alimpeleka shule, mama yake alipokuwa kalala hajui leo wala kesho? Wewe na makaratasi yako? Mmemwona kapona, sasa mimi takataka?" Niliandika hayo yote. Sauti yake ilikuwa imekatika mara mbili. Hilo nalo niliandika.

Alikuwa amemshika mtoto mkono. Mtoto aliuchomoa, akapanda ngazi. Shangazi alimfuata akimwita. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Saa 3:34 mtoto aliingia chumbani. Alisimama karibu na mlango.

"Umetoka lini?" aliuliza.

"Miezi minne sasa," mama alijibu, akashuka mpaka mkekani. Sijui kama alikaa au alianguka. Niliandika: alikaa.

Baada ya saa moja afisa, mwanamke mwenye funguo nyingi shingoni, alisoma kurasa zangu akiwa amesimama.

"Saa 3:34. Haikufanyika. Halafu ukatoka chumbani, ukazungumza na mtoto uani. Hazifai."

"Andika kwamba hazifai, lakini zipeleke zote."

"Nitazifupisha."

"Ufupisho sitautia sahihi."

"Bila sahihi yako kikao hakina taarifa."

"Ndiyo."

"Mnakuja kujitolea, mnataka kuendesha ofisi," alisema, akazitupa kurasa mezani.

Kwa kanuni mama naye alipaswa kusomewa kabla ya kutia sahihi. Alinifanya nizisome mara tatu, kidole chake kikifuata kila mstari. Mara ya tatu alinishika.

"Hapo umeandika wifi alikaa benchini muda wote. Nilikuwa dirishani. Ulipojibu swali la mtoto, alisimama."

Nilisahihisha. Alitia sahihi, akachukua nakala, akaikunja mara nne.

Ijumaa, saa sita na robo mchana, katibu wa kikao alitoka akasoma uamuzi akiwa kizingitini. Kurasa zote zimesomwa; pendekezo la kumwacha mtoto kwa shangazi limekataliwa; mtoto atahamia kwa mama yake kuanzia kesho. Mtu wa kujitolea aliyesimamia miadi ameondolewa kwenye orodha, kwa kutoka chumbani.

"Umeshiba sasa?" shangazi aliniuliza.

Mama alitia sahihi kwenye kitabu cha katibu, akapita mbele yangu bila kunisalimia, akateremka.