Piga Mguu Mara Mbili

Binti yangu Lavender alipopata kazi Kipevu, kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, alipangiwa zamu ya mchana. Mwanawe Josephine alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mimi natoka kazini saa saba, na nyumba yangu na yake ni uwanja mmoja. Hata hivyo mtoto alipelekwa kwa jirani.

Nikamuuliza Lavender kwa nini.

"Baba, wewe sikuachii mtoto," akasema. "Unajua."

Nilijua. Alipokuwa na miaka sita alinijia kwa nyuma nikinywa chai, akanikumbatia shingoni. Nilimrusha ukutani kabla sijajua ni nani. Alivunjika mfupa wa bega, na mpaka leo bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Tangu siku ile hakuna mtu nyumbani mwangu anayenijia kwa nyuma. Mke wangu Margaret, akirudi kazini jioni, hukohoa kutoka mlangoni. Watoto walikua wakikohoa hivyo hivyo, wageni wakidhani nyumba nzima ina kifua.

Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tano. Baba mdogo Kiponda akanitoa shule, akanipeleka Mwakirunge kwenye timbo lake la mawe ya kujengea. Kiponda hakuwa mtu wa kelele. Mtu wa kelele unamsikia akija, unajikunyata mapema. Yeye alikuja kimya na mpini wa sururu, na kule chini mashoka yanalia, husikii hatua. Habari ya kwanza kwamba yupo ilikuwa pigo la mgongo. Ukiuliza kosa, unaongezwa. Nilikaa naye miaka sita. Alikufa 2009, na jeneza lake nilishika upande mmoja. Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha.

Haya sikuwa nimemwambia mtu. Margaret alijua kwamba nilipigwa utotoni, basi. Nani hakupigwa?

Kazi yangu ni useremala, Bombolulu, kwa Barakat. Karakana yake ni makontena mawili makuukuu yaliyounganishwa, chini sakafu ya mbao, juu bati. Tunaanza alfajiri kwa sababu ikifika adhuhuri mle ndani ni tanuri. Mwaka jana Barakat alimwajiri Jumwa, mwanamke wa miaka arobaini hivi, fundi wa msasa na vanishi. Jumwa ni kiziwi tangu kuzaliwa. Akitaka kukuita, anakugusa bega. Viziwi wengi huitana hivyo, na hakuna aliyemwonya juu yangu.

Wiki ya kwanza nilikuwa nimeinamia mlango, naupiga randa. Bega likaguswa. Niligeuka na kiwiko, kikampata mdomoni. Damu ikamwagikia mlango wa mteja.

Barakat alinitoa nje. "Kai, wallahi umenitia aibu. Mwanamke! Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Basi una jini mgongoni, mtu asikuguse bila ubani? Sikiliza. Ukirudia, beba vyombo vyako uende."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kilichonisumbua njia nzima si kazi. Ni kwamba nilimpiga mtu asiye na kosa, na hakujua pigo linatoka wapi. Kama Kiponda.

Kesho yake Jumwa alikuja na mdomo umevimba. Alisimama mbele yangu, akahakikisha namwona vizuri, akanizaba kofi moja la nguvu. Barakat akaangua kicheko. "Haya, mmelipana!"

Jumwa hakucheka. Aliokota kipande cha mbao, akachukua penseli yangu kutoka sikioni mwangu, akaandika. Yeye alimaliza darasa la nane katika shule ya viziwi, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

UNAOGOPA NANI?

Nilitaka kuandika "hakuna". Lakini shavu lilikuwa linawaka, nikaandika: baba mdogo.

YUKO WAPI?

Amekufa.

Alisoma, akaniangalia kama mtu anayeangalia hesabu isiyokubali. Akaandika tena: JANA NILIKUJA MIMI.

Akanishika mkono, akaniweka nimempa mgongo, kisha akapiga mguu sakafuni mara mbili. Zile mbao zilitikisika, nikausikia mtikisiko mpaka magotini. Baada ya hapo ndipo akanigusa. Kumbe kwao ni jambo la kawaida. Kiziwi naye hushtuka akijiwa kwa nyuma, kwa hiyo aliyewapa mgongo humwita kwanza kwa mtikisiko wa sakafu au kwa kuwasha na kuzima taa. Alikuwa ananipa adabu ya kwao.

Tukafanya hivyo kila siku. Mara mbili mguu, halafu bega. Mwezi wa kwanza nilikuwa naruka hata kwa ule mguu wenyewe. Viziwi hawaiti mtu kwa herufi, humpa alama yake. Barakat aliitwa tumbo. Mimi niliitwa mabega juu, macho pima, na karakana nzima ikajifunza alama hiyo kabla ya nyingine yoyote. Niliwaacha wacheke. Mwezi wa tatu nikawa nasikia mguu, nasema moyoni "Jumwa huyo", naendelea na kazi mpaka anigusapo.

Siku moja akaniletea kipande cha mbao. LEO SIKUPIGA MGUU.

Nikakumbuka kwamba asubuhi alinigusa na mimi nikageuka tu, patasi mkononi. Nilikasirika kwelikweli. Nikaandika mpaka penseli ikavunjika: Ningekutoboa. Usinijaribu bila kuniuliza.

Akafikiri, akajipiga kifuani kwa ngumi, ndiyo samahani yao. Halafu akaandika: LAKINI HUKUNITOBOA.

Hasira ziliponitoka nilikiweka kile kipande mfukoni. Mchana ule nilimngoja Lavender kabla hajaenda zamu. Nilimwambia yote, timbo, mpini, miaka sita. Nilisema nikiangalia chini kwa sababu nilikuwa nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Mbona hukusema zamani, Baba?"

"Ungefanya nini nayo?"

"Ningejua si mimi. Miaka yote nilidhani nilikuudhi."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nimehesabu bega lake tu.

Hakusema ataniachia mtoto. Alisema Jumamosi atamleta, na yeye atakaa hapo hapo. Nikaomba kwa Barakat mbao za mabaki, nikatengeneza jukwaa fupi barazani kwangu, mahali ninapokaa kunoa vyombo, ili mtu akikanyaga nimsikie. Margaret alilipanda, akaruka ruka. "Baba Lavender, umejenga kanisa?"

Jumamosi ya kwanza na ya pili zilikwenda salama. Mtoto wa umri ule hatembei, anapiga chapu chapu kama bata, na mbao zilimtangaza kila alipokwenda. Josephine alipenda ile sauti, akawa anapiga mguu makusudi ili nigeuke. Nikigeuka anacheka, anakimbia, anarudi.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nanoa patasi. Lavender alikuwa kwenye kamba anaanika nguo, nami nilimsikia mtoto akizungumza na kuku upande wa kule. Sikumbuki alinyamaza saa ngapi. Alizungukia nyuma ya baraza, penye mchanga, ambako sikuweka mbao, akapanda ukingoni, akanishika shingo kwa mikono miwili yenye uji.

Mkono ulipanda, sitadanganya. Wa kushoto, mtupu, kiwiko kimetangulia kama kile cha karakana. Lakini ulifika karibu na sikio langu ukasimama, na nilisikia mwenyewe nikisema kwa sauti: "Amekuja Josephine."

"Dofi," akasema mtoto. Ndivyo anavyojiita.

Niliweka patasi chini, mbali. Kisha nikaushusha ule mkono polepole, nikaishika mikono yake pale shingoni. Moyo ulikuwa unanipiga kama mashine ya kukata mbao. Alining'ang'ania, akanipumulia sikioni, akanipaka uji mpaka kwenye ukosi.

Nilipoinua macho Lavender alikuwa amesimama katikati ya uwanja na shuka mkononi linaburuzika mchangani. Alikuwa ameona yote. Hata kule kupanda kwa mkono aliona.

"Ulisimama," akasema.

"Ndiyo."

Alijishika bega lile. Akaokota shuka, akalikung'uta, akalitazama, akalirudisha kwenye beseni likafuliwe tena.

"Jumatatu natoka saa nane," akasema. "Uji nitauacha kwenye chupa. Na hizo patasi, Baba, uziweke juu."

Jumapili nilipigilia msumari mrefu ukutani, kimo cha kichwa changu, nikatundika mfuko wa vyombo. Mbao zilizobaki nikazitandika upande wa nyuma, penye mchanga.