Muhuri wa Hamsini

Kitabu changu kilikuwa jikoni. Nilijua hata mahali pake: juu ya meza, kando ya chupa ya maziwa, pale pale nilipokiweka ili nisikisahau.

Nami nilikuwa juu ya Mwamba wa Kipanga, Mto Werra ukiwa mwembamba kule chini, nimeshika muhuri mkononi na mfuko wangu nimeshaumwaga wote juu ya mawe. Mkate wa soseji ya ini, kipande cha keki ya plamu, miwani, vidonge vya nyonga. Kitabu hamna. Nilijitukana kwa sauti, na sitayarudia hapa niliyoyasema.

Naitwa Irmtraud Wessel, nina miaka sitini na sita, na miaka thelathini na minane kati ya hiyo niliimaliza nikigonga mihuri kwenye posta ya mji wetu. Chama chetu cha watembeaji kina vituo hamsini: kisima cha watawa, magofu ya ngome, mwaloni uliopigwa radi, lango la chumvi na vinginevyo. Kila kituo kina kisanduku, ndani mna muhuri uliofungwa kwa mnyororo. Unafika kwa miguu yako, unagonga kitabuni, unakwenda zako. Jumapili ya kwanza ya Septemba, kuanzia saa sita mchana, Bi Pabst mwenyekiti huweka meza mbele ya jumba la mji. Wa kwanza kuweka mezani kitabu kilichojaa, jina lake huchongwa kwenye ubao wa barazani. Mwaka mmoja, jina moja.

Mwaka juzi nilibadilishwa nyonga. Nilipotoka hospitali, jirani yangu Hartmut Kniep, mwalimu wa udereva mstaafu, aliniambia mbele ya chama kizima, glasi ya bia mkononi: "Irmtraud, mama, milima tuachie sisi. Lako wewe sasa ni lile benchi la kwenye bwawa la bata." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Kesho yake nikaenda kuchukua kitabu kipya.

Basi nilikuwa na mihuri arobaini na tisa, na Hartmut naye arobaini na tisa. Uliobaki ni huu mmoja, kwa wote wawili, maana vipanga walikuwa wametotoa kwa kuchelewa na ngazi ya chuma ya mwamba ilifungwa kiangazi chote ili wasisumbuliwe. Ilifunguliwa asubuhi ile ile. Nilikuwa nimepanda vidato vyote mia na kumi na mbili kwa nyonga ya bandia, halafu kitabu kipo jikoni!

Ngazi ikaanza kutikisika. Kikatokea kichwa chekundu kama nyanya.

"Ala! Umefika!" Hartmut alisema, akihema. "Nani kakubeba?"

"Mama yako."

Alicheka, akakaa, akafuta jasho, akatoa kitabu chake kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yule ni mtu wa kufunga vitu. Akaniangalia, akaangalia vitu vyangu vilivyotapakaa, nikaona anaelewa.

"Usiniambie."

"Sikuambii."

"Irmtraud! Kitabu umekiacha nyumbani?" Alijipiga paja. "Posta nzima ilikuwa mikononi mwako, na kitabu kimoja kinakushinda!"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikakunja mkono wa shati, nikaubonyeza muhuri kwenye wino, mara moja, mara mbili, mara tatu, nikajigonga nao kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Ukatokea vizuri ajabu: kipanga anatazama kulia, na chini yake namba hamsini.

"Sasa hiyo ndiyo nini?" aliuliza Hartmut. "Utamwachia Bi Pabst mkono wako mezani?"

"Gonga chako, bwana, uniache."

Aligonga chake taratibu, akakipuliza kikauke. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka. Maana nilikuwa nimekumbuka jambo. Siku moja posta, nikiwa bado msichana, nilijigonga muhuri kiganjani kwa bahati mbaya, na kwa sababu ya jasho nikauchapa kwenye bahasha za watu mchana kutwa. Wino wa muhuri ukikauka haufi, unalala tu. Ukiupa unyevu, unaamka.

"Kutangulia si kufika!" Hartmut alinipigia kelele kutoka juu.

"Na mpanda ngazi hushuka!" nilimjibu, huku nikishuka kweli.

Baiskeli yake ilikuwa chini, imeegemea mti. Mji uko ng'ambo ya mto, na kivuko kilikuwa kimesimama, maana mwenye kivuko hula mchana saa sita hadi saa saba hata dunia ikiungua, kwa hiyo Hartmut angezungukia darajani, kilomita tisa. Mimi nilikuwa na Dörte. Dörte hukodisha mitumbwi, na alikuwa akinisubiri ukingoni, amelala ndani ya mmoja, kofia usoni.

"Amka, shoga! Mjini, mbio!"

"Umepata?"

Nikamwonyesha mkono. Aliinua kofia usoni.

"Wewe una wazimu," alisema, akachukua kafi. "Kaa mbele, na huo mkono uinue juu. Usiupige maji."

Nilikaa mkono juu kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani, na Dörte akapiga kafi kwa wawili. Jua lilikuwa kali. Nilijipuliza mkono nisitoke jasho. Kule barabarani, nyuma ya miti mirefu ya mipopla, nikaiona fulana ya njano ya Hartmut ikikimbilia darajani, kichwa kakiinamisha.

"Kaza, Dörte!"

"Nakaza! Wewe puliza!"

Tulipofika kwenye bwawa la kinu, badala ya kushuka na kubeba mtumbwi kama watu wazima wenye akili, Dörte aliuelekeza moja kwa moja kwenye mteremko wa mitumbwi, ule mfereji ambao maji huporomoka kando ya bwawa. Watalii waliokuwa wakila aiskrimu ukingoni walisimama wote. Nilipokonya kofia ya Dörte, nikaufunika mkono, na mara tumbo langu likabaki juu, sisi tukaenda chini. Maji yalinipiga kifuani, yakaniingia puani. Nilipiga kelele, na nakiri zilikuwa kelele za furaha. Tangu nikiwa na miaka kumi sikuwahi kupiga kelele namna ile. Watalii wakapiga makofi. Chini ya kofia, kipanga alikuwa mkavu.

Kutoka gati hadi kwangu ni vichochoro viwili. Nilikimbia. Nasema tena, nilikimbia, na nyonga ikinigombeza kila hatua. Nikakinyakua kitabu jikoni, na kutoka kabatini nikachukua chupa ya pombe kali ya plamu.

Bi Pabst alikuwa mezani chini ya saa ya mji, kanuni zake mbele yake. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, na mpaka leo akikutazama unajikuta unaficha kucha.

"Irmtraud, umelowa."

"Ndiyo, mwalimu."

Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikalowesha kitambaa kwa pombe, nikakipitisha kidogo tu kwenye mraba wa hamsini. Nikaweka mkono juu yake, nikaulalia kwa uzito wangu wote. Watu walikuwa wameshatuzunguka. Nilihesabu mpaka thelathini, nikauinua.

Alikuwepo. Amefifia, lakini yupo: kipanga mzima na namba yake. Ila alikuwa anatazama kushoto, na namba yake imesomeka kinyume.

Hapo ndipo baiskeli ilipofunga breki nyuma yangu.

"Hapana, hapana!" Hartmut alikuwa akihema hadi maneno yanakatika. "Huo umegeuka! Bi Pabst, huo si muhuri, ni... ni kioo!"

Bi Pabst alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akasoma kanuni, kidole kikifuata mstari. "Muhuri uwe kitabuni, ndani ya mraba wake," alisema. "Utazame wapi, haikuandikwa." Akafunga kanuni. "Lakini muhuri ni shahidi tu kwamba mtu alifika. Na huyu shahidi ameingia kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Hartmut, maana ulikuwa kule. Ulimwona juu ya mwamba?"

Kitabu cha Hartmut kilikuwa mkononi mwake, kikavu, kisafi, mihuri hamsini yote ikitazama inakotakiwa. Angesema hakuniona, jina lingekuwa lake. Niliogopa, sisemi uongo. Nilikuwa nimemtukania mama yake saa moja iliyopita.

Hartmut alinitazama miguuni, kwenye viatu vilivyokuwa vinachuruzika maji.

"Nilimkuta juu," alisema. "Alifika kabla yangu. Na hakuna aliyembeba."

Makelele yaliyolipuka pale! Dörte alinirukia, nusura nyonga ya pili nayo ivunjike. Bi Pabst aliandika jina langu kwa mwandiko wake wa ubaoni, na saa ya mji ikagonga saa saba na nusu. Mimi nililia, nikacheka, nikalia tena, na pombe iliyobaki ikazunguka mkono hadi mkono.

Hartmut alikuwa amesimama kando, anakifungafunga kitabu chake katika ule mfuko wa nailoni. Nikamwendea. Nyonga ilikuwa inawaka moto.

"Hartmut," nilimwambia, "lile benchi la kwenye bwawa la bata, linatosha watu wawili?"

"Linatosha."

"Basi nishike mkono unipeleke. Huo mwingine, bwana! Huu una muhuri."