Mfuko wa Makoleo wa Baba

Siku hizi vifaa vya upasuaji vinakuja vimefungwa kwenye karatasi, kimoja kimoja, na wasaidizi wangu wa kliniki wanavipanga kwa kutazama picha ukutani. Sawa, ndiyo maendeleo. Lakini mimi bado navikumbuka vya baba yangu, daktari wa mifugo Lyuben, vilivyoishi ndani ya mfuko wa kitani wenye vijifuko vingi, unaoviringishwa kama mkeka. Vilinuka spiriti, tumbaku na ng'ombe. Ningepata kuinusa harufu ile mara moja tu, ningefunga kliniki siku nzima.

Ilikuwa Machi, muda mfupi baada ya kuhitimu chuo cha mifugo mjini Stara Zagora. Nilirudi kijijini na cheti na kiburi, vyote vipya. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, nami nikaona ndiyo nafasi ya kusafisha nyumba, hasa ule mfuko. Kitambaa, kwenye upasuaji! Nikauloweka kwenye sabuni, nikachemsha vifaa vyote na kuvipanga kwenye sinia ya chuma kama tulivyofundishwa: vya kukata kulia, vya kubana katikati, vya kushonea kushoto. Baba sikumwambia, nilitaka kumshangaza.

Kabla sijamaliza, jirani yetu Gencho akaingia anahema. Ng'ombe wake, Rusa, alikuwa anasukuma tangu alfajiri na ndama hatoki. Nikabeba ile sinia mwenyewe, tukaenda kwa miguu. Mwaka ule baba alikuwa ameanza kupenda sana kutembea kwa miguu, na gari lilikuwa linaota vumbi. Mimi nilidhani ni uzee.

Zizini Gencho alimshika Rusa pembe. Alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Jambo akiliona yeye asubuhi, mchana limeshafika kwa padri.

"Mbona sinia inang'aa hivyo?" akauliza. "Daktari mdogo, tumekuja kupasua au kunywa chai?"

"Wewe shika pembe, Mzee Gencho."

Nilinyoa ubavu, nikauosha, nikapiga ganzi. Baba akapapasa kuanzia mbavu hadi nyonga, akanyoosha mkono, nami nikamkabidhi kisu. Alikata vizuri kama zamani. Mshipa mmoja ukaruka damu. Akajichukulia koleo mwenyewe, kama kawaida yake, lakini alilochukua lilikuwa la kushikia sindano, lenye mdomo mfupi na mnene. Akalishika kidogo, akalirudisha, mkono wake ukazunguka juu ya sinia kabla ya kupata la kubania mshipa.

"Nani amegusa vitu vyangu?" akanung'unika.

"Mimi. Nimevipanga kitaalamu."

Akazamisha mikono hadi kwenye viwiko, akamvuta ndama, akamwondolea ute puani. Gencho akapiga kelele, "Jike! Jike, Daktari, mkono wako udumu!"

Ikabaki kushona. Makoleo yale mawili yana pete zilezile za vidole na mlio uleule yakijifunga. Tofauti iko mdomoni. Baba akachukua la kubania mshipa, akashikia sindano. Mdomo mwembamba haukuikaza. Sindano ikageuka, ikaponyoka, ikaanguka juu ya majani makavu. Akapiga magoti kuitafuta, anapapasa huku na huku kwa kiganja, na sindano inang'aa kando ya goti lake.

Nikamtazama machoni, sikumbuki mara ya mwisho nilipomtazama hivyo, nikaona ule weupe katikati ya mboni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ule mfuko ndio uliokuwa ukimwonyesha kila kitu kilipo, nami nilikuwa nimeuloweka kwenye beseni. Na Gencho alikuwa ameanza kuinua shingo aone kuna nini. Akijua yeye, kituo cha mifugo kilichomwajiri baba kitajua kabla ya Jumapili, na baba atakabidhiwa shada la maua na kiti cha kukalia nyumbani. Baba bila ng'ombe angekufa.

Nikapaza sauti.

"Baba, acha ujanja! Uliniahidi kushona ni zamu yangu!"

Kiganja chake kikasimama juu ya majani. Kisha akainuka taratibu.

"Haya, shona. Ukiharibu nafumua mbele ya Gencho."

"Daktari," Gencho akacheka, "hukuzaa binti, umezaa mwenyekiti wa ushirika!"

Niliokota ile sindano, nikachukua nyingine safi. Nilishona tabaka moja baada ya jingine mpaka ngozi. Nilipomaliza baba akapitisha vidole juu ya mshono wote. "Hapa umebana mno," akasema, na kweli nilikuwa nimebana mno.

Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo.

"Mama anajua?" nikauliza.

"Mfuko nilishonewa na nani?"

"Na mimi hamkuniambia!"

"Ulikuwa na mitihani, mwanangu."

"Hospitali kuu ya mji wa Sofia wanatoa mtoto wa jicho. Tutakwenda wiki ijayo."

"Na kazi?"

"Nitapasua mimi. Wewe utasimama pembeni unigombeze."

"Hilo naliweza," akasema.

Tulipofika langoni akasimama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Zornitsa, yule ndama... ana rangi gani?"

Nililia palepale, sikujificha. Kisha nikamweleza polepole: ni mwekundu kama mama yake, ana paji jeupe, mguu wa nyuma wa kushoto ni mweupe mpaka gotini, na alipofumbua macho, mtu wa kwanza ndama huyo kumtazama alikuwa baba mwenyewe.