Saa Aliyoita Gari

Kwa miaka minne Kokulinda aliwafundisha wanafunzi wa ukunga kwa kisa kimoja: mama aliyetokwa damu baada ya kujifungua, akafia njiani kabla ya kufika hospitali ya mjini. "Mimi niliita gari mapema," alikuwa akiwaambia. "Dereva ndiye aliyechelewa."

Dereva huyo alikuwa Mhoja. Zamani walikunywa chai pamoja kila asubuhi pale kituo cha afya. Baada ya kifo kile hawakusemezana tena, na Mhoja akaomba uhamisho. Kokulinda, mjane kutoka Kagera asiye na ndugu Mwanza, akabaki na kikombe chake kimoja.

Siku ya kusafisha stoo akaliokota faili la yule mama. Mwandiko ulikuwa wa Kokulinda mwenyewe, wa asubuhi ya kifo kile. Damu ilianza saa mbili na robo. Gari liliitwa saa tatu kasoro tano. Mhoja alifika saa tatu na dakika tano.

Akaketi juu ya boksi. Dakika arobaini alikuwa akihangaika peke yake, akiamini damu itakata. Hakukusudia kudanganya. Kila alipokisimulia, kisa kilisogea kidogo upande wake, hadi kikawa ndicho anachokikumbuka.

Jumamosi alimfuata Mhoja kwake Bujora, akamkuta akiwakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimeliona faili. Nilichelewa kukuita."

"Najua. Niliangalia saa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, sista. Nani alinisikia?" Akaendelea kukata majani. Hakumpa kiti.

Jumatatu Kokulinda alisimama mbele ya wanafunzi, akakisimulia kisa upya, pamoja na zile dakika arobaini.

"Kuanzia leo," akasema, "tukio likiisha, andika kabla hujaongea na mwenzako. Ukurasa mmoja uliyoyaona na kuyafanya, pamoja na saa. Ukurasa wa pili unayoyafikiri. Kisha linganisha na faili. Ukiona kumbukumbu inakusifu, ikague tena."

Evelina, mwanafunzi wa mbele, akanyoosha mkono.

"Na yule dereva, alikusamehe?"

"Hajasema."

Wanafunzi walipotoka walimpita mwalimu wao mlangoni bila kumtazama usoni. Kokulinda akavuta daftari jipya, akaandika tarehe, kisha maneno ya Mhoja kama alivyoyatamka, hata yale yaliyomuuma.